Mkwe Aliyekaa Benchi

Handsworth, Birmingham
9 Februari 2003

Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ambayo hata wenyeji wameanza kuilalamikia. Mimi ni mzima. Wodini kazi ni nyingi, ila wiki hii nimebadilishiwa shift (nisamehe, zamu), kwa hiyo nimepata Jumapili nzima ya kwenda kanisani na kukuandikia. Unaona bado natimiza agizo lako la Kiswahili. Hapa ukikaa na Wakenya wenzako ulimi unateleza wenyewe, sentensi inaanza kwetu inaishia kwa Malkia.

Nina neno, Baba. Nimelizungusha kichwani tangu Krismasi. Kuna mwanamume anataka kunioa, na mimi nimekubali, ukiridhia. Anaitwa Wendell Oakes. Ni Mmarekani mweusi, ana miaka arobaini, tunasali kanisa moja. Aliwahi kuoa zamani huko kwao, wakaachana, hawakujaliwa mtoto. Sitaki ulisikie hilo kwa mwingine. Kazi yake ilikuwa kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, kwanza kwao, kisha nchi kadhaa za Ulaya, na mwisho hapa Birmingham. Sasa amestaafu.

Ni mrefu kupita kiasi. Immaculée, yule mama wa Bukavu niliyekuambia hunipikia sombe, kisamvu cha kwao, alipomwona mara ya kwanza akiingia kanisani alimwambia, "Baba, inama, mlango utabaki na kichwa yako." Wendell akacheka, akainama, na baada ya ibada akamwomba amfundishe Kiswahili. Immaculée alipochoka naye akanisukumia mimi. Ndivyo tulivyojuana.

Najua una maswali. Uliza yote.

Binti yako,
Milka


Chavakali
3 Machi 2003

Mpendwa Milka,

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi kama kawaida. Kiswahili chako hakina kasoro kubwa. Habari zenyewe ndizo nilizoshindwa kuzipa alama.

Unasema amestaafu. Mimi nilistaafu nikiwa na mvi kichwa kizima. Mtu wa miaka arobaini amestaafu nini? Michezo ni kitu ambacho wanafunzi hufanya jioni, masomo yakiisha. Nimekaa nikijaribu kuiwaza kazi ya kurusha mpira kikapuni, nikakosa pa kuanzia. Alishinda nini? Na mbona alihama nchi nyingi hivyo? Katika utumishi wangu, mwalimu aliyehamishwa kila mwaka alikuwa na jambo. Na huyo mke wa kwanza, walishindwana kwa nini?

Ami yako Kisia amefurahi. Anadhani wachezaji wote wa Marekani ni kama wale wa kwenye televisheni, na ameshatangaza sokoni. Mimi sipimi mtu kwa futi.

Sijakataa, Milka. Tangu mama yako atutoke kule hospitalini, nimebaki na wewe tu wa kumwaza nikiamka. Daktari amenionya kuhusu mishtuko, nami najitahidi kutoshtuka. Ila nataka kumjua mtu huyu. Akitaka kusema nami asinitumie Kiingereza. Nakijua, lakini mambo ya binti yangu nayasikia kwa Kiswahili. Aje nacho hata kikiwa cha kuokoteza.

Baba yako,
Mwl. Shem Agesa


Handsworth
27 Aprili 2003

Baba mpendwa,

Nilimsomea Wendell barua yako nikimtafsiria sentensi moja moja. Tulipofika pale ulipouliza alishinda nini, alisema, "Mwambie ukweli. Hautachukua muda." Basi huu ndio ukweli.

Alizaliwa Gary, mji wa viwanda vya chuma. Baba yake alifanya kazi kwenye tanuru mpaka mapafu yakachoka. Wendell alisoma chuo kikuu kwa sababu ya mpira, na alipomaliza, timu moja ya ligi kubwa ya Marekani ikamchagua, karibu wa mwisho kabisa katika orodha yao. Mtaa mzima ulitoka nje kushangilia. Alivaa jezi ya ligi ile msimu mmoja tu wa baridi, na karibu muda wote alikaa benchi. Alikuwa akiingizwa mechi ikiwa imeshaamuliwa na watu wanatafuta makoti yao. Msimu ulipoisha kocha alimwita ofisini akamwambia hatamhitaji tena. Anasema yule kocha alikuwa muungwana, kwamba alisimama, akampa mkono, akamsindikiza hadi mlangoni.

Nilimuuliza kama ana kinyongo. Akasema, "Mtaani kwetu kulikuwa na vijana walionizidi mpira, na hakuna aliyewaita. Mimi niliitwa. Niliketi pamoja na walio bora duniani nikawaona kwa macho yangu. Ninung'unike nini?"

Baada ya hapo alicheza ligi ndogo, wakisafiri kwa basi usiku kucha kwenye theluji. Kisha Uturuki. Kisha Ubelgiji, ambako goti lilichanika, na madaktari wakamwambia mpira umekwisha. Alijifunza kutembea upya, akacheza tena kwa miaka mingi. Akaenda Ufini, halafu akaja hapa, akawa nahodha. Mwaka mmoja walifika fainali wakashindwa kwa pointi moja, na mtu aliyekosa mtupo wa mwisho ni yeye. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, anasema, na hakuna aliyemtajia mpira. Ndiyo sababu hakuondoka tena Birmingham.

Kuhamahama kwake si kosa, Baba. Mikataba yao ni ya mwaka mmoja. Ukiisha, timu inatafuta aliye mdogo zaidi. Mkewe alichoka kufungasha mizigo, na Wendell hamlaumu.

Sasa anasimamia ukumbi wa michezo Balsall Heath. Anafungua milango, anafagia sakafu, anafundisha watoto, na kila Jumanne ana darasa la mazoezi la akina mama wazee wa Kipakistani, ambao humwita "beta", yaani mwanangu, ingawa hakuna anayemfika kiwikoni.

Nakomea hapa. Tangu nilipougua tumbo wiki jana vidole vya miguu vina ganzi. Nadhani ni hivi viatu vipya vya kazini.

Binti yako,
Milka


Chavakali
20 Julai 2003

Milka,

Hii ni barua ya tatu tangu Mei. Mbili za kwanza hukuzijibu. Wewe ambaye ukichelewa kidogo ulikuwa ukijaza ukurasa mzima kwa kuomba radhi.

Juzi nilishuka hadi posta nikapiga simu nyumbani kwako. Alipokea mwanamume. Nilikisia ni huyo Wendell wako, sauti ilitoka mbali kifuani. Nilijitambulisha kwa Kiingereza, nikamwomba akuite. Akasema, "Milka hawezi kuongea." Nikamuuliza, hawezi au hataki? Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetafuta la kusema, na laini ikakatika. Nilipiga tena, haikushika.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiyatafuna maneno hayo. Nimefundisha wasichana wengi. Wako walioolewa na wanaume ambao kwanza waliwazuia kwenda kwao, kisha kuandika, kisha kusema. Nilikuwa nikiwahurumia wazazi wao, sikujua wanavyojisikia.

Mwambie mtu huyo kwamba ridhaa yangu hana. Na wewe, kama bado unaweza kushika kalamu bila kuomba ruhusa, niandikie neno moja tu nijue uko.

Baba yako


Birmingham
4 Agosti 2003

Baba,

Mimi ni Wendell. Milka iko hai. Milka ananipenda. Mimi ninaheshimu wewe sana.

(Mwalimu, hayo ameandika kwa mkono wake mwenyewe, na jasho lilimtoka. Miye ni Immaculée wa Bukavu. Kuanzia hapa yeye anasema Kiingereza na miye niko naandika. Kiswahili yetu si ya masomo kama yenu, unisamehe.)

Siku ile nilisema Milka hawezi kuongea, ilikuwa kweli. Alikuwa na mrija kwenye koo, mashine inamvutia pumzi. Nilikuwa nimefika kwake kuchukua nguo zake za kulala. Nilisikia sauti yako, na nilikuwa nimemwahidi Milka kitu, sikujua nikujibu nini. Laini ikakatika nikabaki nimeshika simu.

Ilianza mwezi wa tano. Jirani yake wa chini, Paramjit, alimkuta ameanguka kwenye ngazi, miguu imekataa. Kesho yake ikawa mikono. Halafu pumzi. Madaktari wanasema mwili umepigana na mishipa yake wenyewe ya fahamu. Wanasema wengi wanapona, lakini ugonjwa unashuka polepole kuliko ulivyopanda. Kabla ya kumwekea mashine aliniambia, "Usimwambie Baba. Mama alifia hospitalini, na moyo wa Baba ulitaka kumfuata. Nitamwandikia mwenyewe nikishika kalamu." Niliahidi. Barua zako mbili niliziweka bila kufungua, juu si zangu. Hii ya tatu niliifungua, Immaculée akanisomea. Leo navunja ahadi. Milka akikasirika, na akasirike, lakini baba asikae akiwaza kwamba mtoto wake amemtupa.

Uliuliza kazi yangu. Kazi yangu, mwaka ule niliokuwa na walio bora, ilikuwa kukaa. Unakaa, unatazama, misuli isipoe, na kocha anaweza kukuita au asikuite kabisa. Wengine wanalala macho wazi. Mimi sikulala. Nilifikiri kazi hiyo haina faida kwa mtu yeyote, mpaka mwezi wa sita, nikiwa kwenye kiti karibu na kitanda chake.

Alikuwa hawezi kusogeza kitu isipokuwa macho. Tulimtajia herufi, akafunga macho tukifika herufi aliyotaka. Neno la kwanza nilingoja kwa hofu, nikidhani ni la kuaga. Alitupa S, O, K, S, I. Miguu ilikuwa na baridi.

Mrija umetoka wiki iliyopita. Anasema kwa kunong'ona. Vidole vya mikono vimeanza. Miguu bado. Ubelgiji nilipoumia, mama mmoja wa mazoezi aliniambia, "Usifikirie kutembea. Fikiria kisigino tu." Asubuhi nzima nilikuwa nasukuma kisigino kwenye kiganja chake. Sasa kiganja ni changu na kisigino ni cha Milka. Bado sijasikia kitu, lakini niko hapo.

Siombi ridhaa leo. Nimeomba tu ujue.

Wendell

Mwalimu, miye Immaculée naongeza yangu, naye hajui. Usifikiri ni malaika. Siku ya kwanza ya ile mashine alikimbia. Nilimkuta kwenye gari, nje ya hospitali, amekunja magoti mpaka kwenye usukani, analia, anasema hawezi kuingia. Nilikaa naye. Kisha akatoka, akanawa uso, akaingia. Tangu siku ile hajakosa. Sisi tuliotoka vitani tunajua watu wa kukimbia. Wanaorudi ni wachache. Asante kwa kutuzalia Milka, kwa nyumba yangu ni dada.


Chavakali
19 Agosti 2003

Kwa Wendell Oakes,

Barua yenu niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Moyo wangu umevumilia. Mwambie Milka kwamba baba yake si yai.

Niliyoandika Julai niliyaandika kwa kukosa habari. Mtu akinyimwa habari hujitungia zake, na zangu zilikuwa mbaya. Nayaondoa yote.

Hukuwa na budi kuvunja ahadi ile, nami nakushukuru kwa kuivunja. Nakushukuru kwa kiti ulichokalia. Mke wangu alipokuwa kitandani Kakamega mimi nilikuwa nasimamia mitihani, nikijiambia nitakwenda Ijumaa. Kwa hiyo najua thamani ya mtu aliyepo.

Mama Immaculée, Kiswahili chako cha Bukavu nimekielewa chote, na sikukisahihisha hata neno. Ulipokaa ndani ya gari lile ulifanya kazi kubwa. Mungu akuzidishie.

Natuma kaseti. Nimemsomea Milka Zaburi ambazo mama yake alizipenda, na habari za hapa nyumbani. Ukisikia jogoo anaingilia kati, ni yule mwekundu, nilishindwa kumnyamazisha. Mwekee asikilize akifanya mazoezi ya kisigino.

Shem Agesa


Great Barr
16 Novemba 2003

Baba mpendwa,

Tazama mwandiko huu, ni wa mtoto wa darasa la kwanza. Nimeupumzisha mkono mara nyingi, kwa hiyo usihesabu mistari iliyopinda.

Niko kwa Immaculée, Great Barr. Amenipa chumba cha chini nisipande ngazi, na wanawe wamehamia juu bila kununa. Wananisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na kila jioni mmoja wao anakuja kunifunga kamba za viatu.

Wendell aliponiambia amekuandikia, nilimgeuzia uso ukutani. Ndicho kitu pekee nilichoweza kugeuza. Nikamnyima maneno siku nzima, naye akakaa vilevile, kiganja chini ya kisigino changu. Kesho yake nikamwambia, "Uliahidi." Akasema, "Ndiyo." Hakujitetea. Halafu kaseti ikafika. Jogoo alipowika katikati ya Zaburi wodi nzima ilicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe. Nami nikaona ningekuwa nimejinyima nini. Nilimwomba Wendell msamaha, akasema hajui nazungumzia nini.

Kisigino kilisukuma mwezi wa tisa. Mimi sikuhisi kitu. Yeye ndiye aliyehisi. Aliinua kichwa taratibu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauficha uso wake kwenye shuka.

Ijumaa hii alinipeleka ukumbini Balsall Heath. Alikuwa ameshafagia. Aliniweka kwenye mstari wa mwisho wa uwanja na mikongojo yangu, akarudi nyuma hatua chache, akanyoosha mikono kama anayengoja pasi. Nilitembea kumfuata naye akirudi nyuma, mpaka upande wa pili. Baba, uwanja ule ni mrefu. Nililia nusu ya njia, na nusu nyingine nilikuwa nimechoka mno hata kulia. Wale akina mama wa Jumanne walikuwa wamejipanga ukutani, wamevaa raba chini ya shalwar, suruali zao pana, na hakuna aliyepiga makofi mpaka nikafika. Nadhani aliwaonya. Nilipofika, mmoja alimvuta Wendell ainame, akambusu kwenye paji la uso. Mimi akaniambia kwamba nimekonda.

Daktari anasema huenda mwakani nikarudi kazini, kwa zamu fupi. Miguu inaweza kubaki na ganzi kidogo. Siidai zaidi ya hapo. Kila asubuhi navuta pumzi ya kwanza kwa makusudi, nikijua naivuta mwenyewe.

Sasa nauliza tena, kwa mkono wangu. Unaridhia?

Binti yako,
Milka


Chavakali
14 Desemba 2003

Wanangu Milka na Wendell,

Naridhia.

Nimeanza na jibu kwa sababu Milka tangu utotoni hukimbilia ukurasa wa mwisho. Ami yako Kisia na wazee wengine walikaa nami jana, tukanywa chai, tukakubaliana. Kisia alitaka kujua kama kweli Wendell aliwahi kucheza kwenye ligi kubwa. Nikamwambia alikaa benchi. Uso ulimshuka. Ikabidi niwaeleze wazee wote kazi ya kukaa benchi, na nilipomaliza mzee mmoja alikuwa akifuta macho kwa kofia. Hakuna aliyeuliza tena.

Milka, nimeusoma mwandiko wako. Niliufuata mstari mmoja mmoja kwa kidole. Sijawahi kusoma insha iliyonifurahisha kuliko hiyo, na makosa yote yabaki kama yalivyo. Wasalimie wana wa Immaculée, hasa yule wa kamba za viatu. Mkipata nguvu za kusafiri, mje. Kama haziji mapema, msihangaike. Mchungaji wa kwenu awafungishe huko, nasi hapa tutaimba saa hiyohiyo.

Wendell, nikueleze jambo. Wiki iliyopita, shule niliyokuwa nikifundisha ikiwa imefungwa, nilimwomba mlinzi anifungulie geti. Kuna uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya maabara. Nimeupita miaka mingi nikienda darasani, sikuwahi kuukanyaga. Nilitaka kuona kazi uliyoifanya. Mlinzi alinipatia mpira ambao haukuwa na upepo wa kutosha. Nilivua koti, nikalikunja, nikasimama pale palipochorwa mstari. Kikapu kiko juu kuliko nilivyodhani, na ukikitazama sana kinazidi kwenda juu. Nilirusha, mpira haukufika hata kwenye chuma. Nikarusha tena. Mlinzi alikuwa ananihurumia, akaenda zake kuangalia geti lingine. Niliendelea hadi mikono ikachoka, na nikafikiria kuwa wewe ulifanya hivi ujana wako wote, mbele ya watu wanaozomea, huku goti likiuma.

Mwisho mmoja uliingia. Uligonga ubao, ukazunguka kwenye chuma, ukaamua. Niligeuka kumtafuta mtu wa kumwambia, uwanja mzima hapakuwa na mtu. Nikakumbuka kwamba nina mkwe.

Baba yenu,
Shem Agesa